Kabla Hujavuta Kitambaa: Risala ya Watu wa Kivuko

Mgeni rasmi,
Viongozi mlioandamana naye,
Nahodha wetu na wafanyakazi wenzangu,
Wasafiri wa upande huu na wa ng'ambo,
Na wewe mama uliyesimama kule kwenye mlango wa chuma ukijifanya husikii,

Salamu zetu ziwafikie nyote mlipo, waliopata viti na waliokosa.

KARIBU

Mgeni rasmi, tunakukaribisha kwa mikono miwili, ingawa mikono yenyewe bado ina rangi. Vizuizi hivi vya njia tulivipaka jana jioni na havijakauka. Tafadhali usiviegemee. Wenzetu wa safu ya nyuma wameshaviegemea, na wameshajua.

Sisi ni wafanyakazi kumi na wanne wa kivuko hiki pamoja na wasafiri wake wa pande zote mbili za maji. Mimi ninayesoma ni karani wa tiketi. Nimekaa nyuma ya kidirisha kile cha kijani kwa miaka kumi na tisa, na watu wengi hapa wananifahamu kuanzia kifuani kwenda juu. Leo ndiyo mara yao ya kwanza kuhakikisha kuwa nina miguu. Wenzangu wamenichagua nisome kwa sababu mbili: mwandiko wangu unasomeka, na tatizo tulilokuja kukueleza limeletwa na mwandiko huo huo.

Tunaishukuru serikali kwa kivuko kipya. Tangu kilipoletwa juzi tumekizunguka kama mawifi wanavyomzunguka bibi harusi, tunagusa hiki na kusifia kile. Viti vina migongo. Taa zinawaka zote. Fundi wa injini ameshuka chini mara nne, na kila akipanda anasema, "Jamani, huko chini ni kusafi, mtu anaweza kulala." Tumemwomba asilale.

Ubavuni mwa kivuko, Mgeni rasmi, kuna jina lililofunikwa kwa kitambaa cha buluu, na kamba ya kukivuta imefungwa upande wako wa kulia. Risala hii yote inahusu jina hilo. Tunakuomba utuvumilie tuanze mbali kidogo.

HISTORIA FUPI

Kivuko chetu cha zamani, kile pale chenye kutu, kilianza kazi miaka thelathini na moja iliyopita. Kilikuwa na jina rasmi, ila rangi ilibanduka zamani. Wiki iliyopita tulimwomba nahodha atukumbushe. Alituambia herufi tatu za mwanzo, ya nne akakwama, akaondoka akisema ana kazi.

Wasafiri hawakuwahi kulihitaji. Watu wakishuka mteremko huu huulizana, "Mama Ngoja amefika?" au "Mama Ngoja bado yuko ng'ambo?" Wanamaanisha kivuko. Lakini Mama Ngoja ni mtu. Ni yule mwanamke mwenye ovaroli iliyopigwa pasi, ambaye kazi yake ni kushusha na kupandisha mlango wa mbele. Aliajiriwa mwaka ule wa kwanza, binti mwenye mtoto mgongoni na mwingine mkononi. Yeye ndiye anayefunga kamba, anayepanga magari, anayewaelekeza madereva wa malori kwa sauti inayosikika mpaka sokoni: "Kata kona, kata, kata tena, basi! Basi, baba, hicho ni kidole changu!" Ijumaa hii anastaafu.

Mwaka wake wa kwanza alikuwa anapandisha mlango kwa dakika ile ile iliyoandikwa kwenye ratiba. Siku moja, kivuko kimeshajitenga na ukingo hatua mbili au tatu, alitokea baba mmoja amembeba mtoto kifuani. Hakupiga kelele. Alisimama tu akayatazama maji yakipanuka. Mama alimtazama mpaka kivuko kikafika ng'ambo. Waliporudi hawakumkuta, wala hakuonekana tena hapa. Kisa hiki ametusimulia mara moja tu, nasi hatukuuliza zaidi.

Tangu siku hiyo mlango haupandi mpaka ameutazama mteremko mara tatu. Mara ya kwanza hutafuta magari. Mara ya pili hutafuta waendao kwa miguu. Mara ya tatu hutazama kule juu kabisa, penye kona ya njia, mahali ambapo hapana mtu, kwa ajili ya yule ambaye huenda anakuja ila hajaonekana. Akiona hata ncha ya mwavuli, humpungia nahodha na kupaza sauti: "Ngoja!" Nahodha hugomba kila siku. Kila siku hungoja.

MAFANIKIO

Mgeni rasmi, tunajua kwamba ofisini neno "ngoja" halina sifa nzuri. Kwetu limefanya kazi nzuri. Katika miaka thelathini na moja hakuna msafiri hata mmoja aliyeruka maji ili asiachwe. Kwingine watu huruka, na wengine tunawasikia kwenye taarifa. Hapa mtu akiwa juu ya mteremko anajua kuna mwanamke chini anayemtafuta kwa macho, basi hutembea kama mtu mzima. Daftari la safari la nahodha lipo, na mnaweza kulikagua: tunachelewa kuondoka dakika mbili au tatu, na kufika tunafika kwa wakati, kwa sababu watu wasiosukumana hupanda haraka.

Fanikio la pili ni la mwaka jana, mlipotangaza kwamba kivuko kipya kitapewa jina na wananchi wenyewe. Tulifurahi kupita kiasi. Tumezoea kuulizwa tuko wangapi. Kuulizwa tunaonaje ilikuwa mara ya kwanza. Fomu zilipofika nilizipanga kidirishani kwangu kwa heshima zote, nikanunua na kitambaa cha meza.

CHANGAMOTO

Hapa, Mgeni rasmi, ndipo ninapoingia mimi na mkono wangu.

Fomu ilikuwa na nafasi ya jina linalopendekezwa na mstari mmoja wa sababu. Haikuwa na kalamu, na haikuwa na mahali pa sahihi. Na waliobuni fomu hawajawahi kuwaona wasafiri wetu. Wasafiri wetu wana mikono iliyojaa. Wanaojua kuandika na wasiojua, wote mikono imejaa: makreti, ndoo, watoto, milango ya watu, godoro kichwani. Mwalimu mkuu wa ng'ambo alikuja na madaftari mpaka kidevuni. Akasema, "Dada, nisaidie, niandikie wewe." Nikamwandikia. Fundi magari aliyekuwa nyuma yake akanionyesha viganja vyeusi vya grisi. Nikamwandikia. Baada ya hapo ikawa ndiyo desturi. Kwa wiki sita niliandika fomu elfu moja mia tatu na kumi na mbili, katikati ya tiketi na tiketi.

Sikuwa mjinga kabisa. Nilijua karatasi isiyo na alama ya mwenyewe haina nguvu. Kwa kuwa mbele hapakuwa na nafasi, kila mmoja nilimwambia abonyeze kidole gumba kwenye wino wangu wa muhuri, ule wa zambarau, kisha akibandike nyuma ya fomu. Kwa wiki sita watu wa pande zote mbili walitambuana kwa kidole. Mke wa mtu hakuhitaji kuuliza mumewe alipitia wapi.

Kosa langu lilikuwa kwenye mstari wa sababu. Kila mtu alikuwa na maelezo marefu, foleni inasogea, honi inalia, na mimi nina mkono mmoja. Nikafupisha. Kila aliponisimulia kisa chake mpaka mwisho, mimi niliandika neno moja: "Aliningoja."

Miezi mitatu baadaye barua ya kamati ya kuchagua jina ilifika. Ilisema fomu zetu zimeandikwa na mkono mmoja, karibu zote kwa sababu moja, hivyo zimehesabiwa kuwa ni za mtu mmoja. Tukapewa kura moja. Barua iliongeza kwamba jina la Mama Ngoja, hata kama lingeshinda, linajenga taswira ya ucheleweshaji. Boksi letu likarudishwa pamoja na barua. Hakuna aliyekuwa amegeuza hata fomu moja. Tunajua, kwa sababu wino wa zambarau huambukiza, na zingegeuzwa tungeuona kwenye barua.

Jina lililoshinda lilipata kura arobaini na moja, zote zimepigwa chapa safi. Hatukupaswa kulijua kabla ya leo. Lakini mchoraji wa maandishi ni shemeji yake fundi wa injini. Hakutoa siri, tunamtetea. Alilalamika tu nyumbani kwamba ubavu wa kivuko ulimwishia kabla jina halijaisha. Mgeni rasmi, chini ya kitambaa kile pameandikwa "Kivuko cha Ustawi Jumuishi na Maendeleo Endelevu".

Tunaliheshimu. Ni jina lililosoma. Ila nina deni la maneno kwa watu waliosimama mbele ya kidirisha changu, na leo nalilipa mbele yako kwa kusema walichosema wao, kabla sijakifupisha.

Muuguzi wa zahanati ya ng'ambo alisema: "Andika kwamba boksi langu la chanjo lilikuwa limebakiza barafu ya nusu saa. Nilikuwa pale juu kwenye kona, nimeshakata tamaa, natafuta jiwe la kukalia nilie. Nikasikia 'Ngoja!' Watoto wote wa siku ile walichanjwa." Mimi niliandika: Aliningoja.

Seremala alisema: "Mimi nilikuwa nakwenda kuoa. Suruali ikanipasukia njiani, nikarudi nyumbani kutafuta nyingine, sikupata. Mama alizuia kivuko na ukoo wangu mzima ndani unanitukana. Kisha akanipeleka nyuma ya lori akanishona kwa uzi wa magunia, nikiwa nimeivaa. Mke wangu mpaka leo hajui." Niliandika: Aliningoja. Na mke wake sasa anajua, Mgeni rasmi. Yuko safu ya tatu, anacheka mpaka ameshikwa na wenzake.

Bibi anayeuza mkate pale getini alisema: "Siku niliyofiwa na mzee wangu kule hospitali ya ng'ambo, nilishuka mteremko huu nikiwa sioni mbele. Hakunisemesha. Alikuwa ameshaupandisha mlango nusu, akaushusha tena mpaka chini, nikapita. Hiyo tu. Uandike vizuri, mwanangu." Sikuandika vizuri, bibi. Niliandika: Aliningoja. Nisamehe.

Tusikufiche pia kwamba kulikuwa na upinzani. Muuza magodoro alisema waziwazi, "Mimi siweki jina hilo. Yule mama amenichelewesha kuliko mke wangu. Andika Kivuko Wahi." Nikaandika. Wiki ya tano akarudi kidirishani jasho linamtoka. Alikuwa ameshuka na magodoro matatu kichwani, hajui kilichoko mbele wala nyuma, na sauti ya yule yule mama ndiyo iliyomwongoza hatua kwa hatua mpaka ndani. Akasema, "Ile fomu yangu iko wapi? Ichane." Nikamwambia, "Huoni haya?" Akasema, "Naona. Ichane." Nikaichana mbele yake na kumwandikia nyingine.

Na kuna fomu moja ambayo sikuifupisha. Ni ya Mama Ngoja mwenyewe. Alipanga foleni kama wengine, akakataa kupitishwa mbele. Alipofika aliniambia: "Mwanangu, mimi langu msiliandike. Mimi nastaafu, mkishaniita huku mchana kutwa nitapumzika saa ngapi? Andika jina lolote, ila liwe fupi. Liwe jina ambalo mtu anayekimbia anaweza kuliita na bado akabakiwa na pumzi ya kukimbia." Niliyaandika maneno hayo yote, mpaka yakatoka nje ya mstari.

Tulifanya majaribio, Mgeni rasmi, ili tusionekane tunabisha tu. Fundi wa injini alikimbia kutoka kwenye kona mpaka majini huku akiita jina lililo chini ya kitambaa. Alipofika kwenye "Jumuishi" alikaa chini.

OMBI

Katika rasimu ya risala hii tulikuwa na maombi saba. Tulitaka paa la kungojea wakati wa mvua. Tulitaka maboya mapya, taa ya mteremko, sare, na mambo mengine ya aina hiyo. Juzi tulikutana tukaona kwamba mtu mwenye maombi saba hupewa lile rahisi. Tukafuta sita. Tumefuta hata la choo, na yeyote aliyewahi kuingia choo chetu atakuambia tumejinyima kiasi gani.

Tumebaki na moja. Boksi la fomu zetu liko chini ya meza yako. Ukihisi kitu kimegusa kiatu, ndicho hicho. Tunaomba, kabla hujavuta kitambaa, ulifungue boksi, utoe fomu yoyote, uigeuze. Kisha utoe nyingine. Hutakuta vidole viwili vinavyofanana. Kuna kidole cha seremala kilichokatwa ncha na msumeno. Kuna cha fundi magari, ambacho ni grisi kuliko wino. Kuna cha bibi wa mkate, ambacho hakina mistari tena kwa sababu ya joto la jiko la miaka mingi. Mwandiko ni wangu. Watu ni hawa.

ILIYOONGEZWA KWA KALAMU LEO ASUBUHI

Sehemu hii haikuwamo. Nimeiandika wakati unasalimiana na mstari wa viongozi, na ndiyo maana herufi zimelala.

Ratiba ilisema utavushwa kutoka ng'ambo na kivuko cha zamani saa tatu kamili. Tunajua hali ya barabara ya ng'ambo, hatukulaumu. Nahodha ametueleza kwamba ilipofika saa tatu na nusu aliamriwa avuke na wageni waliokuwa wamefika, ili sherehe ianze na msaidizi wako na wewe uje kukuta mambo yameisha. Injini ikawashwa. Kamba ikafunguliwa. Ofisa wa itifaki akamwambia Mama Ngoja apandishe mlango, na akampandishia na sauti pia. Mama aliutazama mteremko wa ng'ambo mara moja. Hakuna magari. Akatazama mara ya pili. Hakuna watu. Ofisa akasema, "Mama, hakuna mtu, unatazama nini?" Akasema, "Natazama, baba, nisamehe." Akatazama mara ya tatu, juu kabisa, penye kona. Akaona vumbi. Vumbi tu. Nahodha anasema hajawahi kumsikia akipaza sauti vile katika miaka yote.

Hakujua ni wewe, Mgeni rasmi. Angemngoja hata muuza magodoro.

Kwa hiyo tumekuandalia zawadi. Hatukukununulia kitu. Juu ya meza yako, kando ya chupa ya maji, kuna fomu moja iliyobaki. Nafasi ya jina tumeiacha wazi, hiyo ni yako na hatutakushika mkono. Ila mstari wa sababu nimekusaidia kuujaza, kwa kuwa mikono yako nayo ilikuwa imejaa maua. Nimeandika neno lile lile. Safari hii sikufupisha chochote, ndivyo ilivyokuwa. Kibweta cha wino wa zambarau kiko wazi, na kitambaa cha kufutia kipo. Usikitegemee sana. Wino huu haufutiki mpaka wiki ipite, na ukirudi ofisini wataona umetoka kwetu.

DUA

Mwenyezi Mungu akujalie afya, wewe na nyumba yako. Akulinde barabarani na majini. Popote utakapokuwa umechelewa kwa nia njema, akuwekee mtu chini ya mteremko anayetazama mara ya tatu. Na Mama yetu amjalie uzee wenye usingizi, na Jumamosi asubuhi asiamke kwa mazoea kuja kushusha mlango, ingawa tunajua atakuja.

Ni sisi, wafanyakazi na wasafiri wa kivuko, upande huu na ng'ambo, watu elfu moja mia tatu na kumi na wawili tuliohesabiwa mmoja.